Aliyempiga Himid Kisigino

Mume wangu Himid anachonga funguo pale Darajani, na sijapata kumwona mtu aliyeoana na kazi yake kama yeye. Maziwa huyanusa mbele ya muuzaji. Simu ikiita mara moja ikakatika, anataka kujua nani anapima kama tupo nyumbani. Watumbatu wenzake humcheka, yeye akawatilia shaka na hao.

Mtu mmoja tu alikuwa akiingia kwetu bila ya kupiga hodi, naye ni kaka yangu Msabah. Ufunguo alichongewa na Himid mwenyewe tulipooana. Alikuwa akiingia anakwenda moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria, anantania kwamba tui limekuwa jepesi.

Sikukuu ya Idi waliooa hucheza mpira na makapera, Mnazi Mmoja. Himid ndiye nahodha wa waliooa, ingawa umri umesogea na tumbo nalo limemtangulia. Mwaka huo baadhi ya wachezaji walisema unahodha apewe Msabah. Nilijua neno hilo limemkaa Himid.

Kipindi cha pili alichomoka kuuwahi mpira, mara akaanguka ameshika kisigino. Alisema kapigwa teke, teke hasa, la mtu aliyedhamiria. Alipogeuka, aliyekuwa nyuma yake ni Msabah.

Msabah akaja mbio, akampapasa mguu. "Shemeji, kano ya kisigino imekatika hii. Twende hospitali sasa hivi."

Hapo ndipo alipojiponza.

"Kajuaje?" Himid aliniuliza nyumbani, mguu juu ya mto. "Mtu kaja, kashika tu, keshajua kilichokatika. Kajuaje kama si yeye aloipiga?"

"Baba Duni," nilimwita kwa jina la mwanetu, "si kamwona mwenzake wa kikundi cha mazoezi alivyokatika kano hiyohiyo mwaka jana?"

"We lazima umtetee. Ndugu yako."

Wachezaji wote walisema Msabah alikuwa mbali, mguu wake usingefika. Himid akasema wamepangana. Hospitali hakwenda, kwa sababu ushauri umetoka kwa Msabah. Akaita mtu wa kumkanda kwa mafuta ya karafuu, akisema ni msuli tu, kwani si anatembea? Kweli alitembea, kwa kuuburura mguu, lakini kusimama kwa vidole hakuweza. Na katika hali hiyohiyo, amekaa kitako mlangoni, akabadilisha kitasa.

Msabah alipokuja akautia ufunguo wake, ukagoma. Nilimsikia anauzungusha. Nilipofungua alikuwa anautazama ufunguo, hanitazami mimi.

"Aa, kumbe," alisema, akaondoka.

Sijawahi kumkasirikia Himid kama siku ile. Na lililonikera zaidi, shaka yake ilikuwa inaambukiza. Nilikuwa nikikuna nazi, nikajikuta najiuliza: au kweli? Nikainuka kwenye mbuzi, nikamwambia Himid achague, hospitali au mimi narudi kwetu Uroa.

Daktari, Bi Riyama, alimlaza kifudifudi. Akabinya shavu la mguu mzima, unyayo ukacheza. Akabinya la mguu mbovu, unyayo haukutikisika.

"Kano imekatika, na umechelewa," alisema. "Kukanda hakuungi kano. Ungekuja siku ileile, pengine plasta ingetosha. Sasa itabidi ishonwe."

Himid akaninong'oneza: "Huyu na Msabah wanajuana?"

Akashonwa, akafungwa plasta na unyayo umeelekezwa chini ili kano isivutike. Baadaye akapewa kiatu cha kisigino kilichoinuliwa, kisha mazoezi ya kunyanyua visigino pole pole, ameshika ukuta. Kwenye chumba cha mazoezi hayo tukamkuta Raza, mwenye duka la vitambaa, naye mguu wake umefungwa. Mkewe Mehjabeen alikaa kiti cha mbali, uso umemshuka.

"Tulikuwa tunacheza badminton, mimi na huyu upande mmoja," Raza alisema. "Kanipiga raketi ya kisigino. Na hataki kukubali."

Himid akasogeza kiti. Mambo ya namna hii ndiyo chakula chake.

"Yeye alikuwa wapi?"

"Mbele, kwenye neti."

"Na wewe?"

"Nyuma kabisa. Karibu na ukuta."

"Baina yako na ukuta palikuwa na nani?"

"Hapakuwa na mtu."

"Sasa mkeo yuko mbele, raketi imefikaje kisiginoni kwako?"

Raza akamtazama mkewe. Bi Riyama, aliyekuja kuwakagua, akasema bila hata kugeuka: "Kano hiyo ikikatika mtu huhisi kama kapigwa. Na karibu nyote mnakuja hapa na jina la mtu."

Mehjabeen akaanza kulia. Himid aliutazama mguu wake, kisha akautazama ukuta.

Kesho yake alichonga ufunguo. Msabah alipoitwa alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti. Himid akamnyooshea ufunguo.

"Shemeji, hukunipiga. Nlikudhulumu. Naomba unisamehe."

"Nshakusamehe." Msabah akaukunja mkono wa Himid juu ya ule ufunguo. "Lakini kaa nao. Mie ntapiga hodi."

Himid sasa anatembea vizuri, ingawa kisigino kile hakinyanyuki sawa na chenzake. Msabah huja kila Ijumaa. Nikiwa jikoni namsikia nje, "Hodi, hodi wenyewe," kwa adabu zote, na inaniuma. Himid huinuka haraka, anachechemea, anakwenda kumfungulia.