Dakika Arobaini hadi Tangini

Wifi yangu hajawahi kuomba ruhusa ya kitu chochote, na nasema hivi baada ya kuishi naye nyumba moja miaka kumi na tisa. Ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi wa mabomba wa idara ya maji. Kazini wanamwita Bi Koki. Jina hilo alipewa kwa kejeli, enzi ambazo mwanamke mwenye spana alikuwa kichekesho. Yeye akaliandika kwa rangi nyeupe juu ya sanduku lake la vifaa, na kejeli ikaishia hapo.

Kituo chake kipo juu ya mlima nyuma ya mji, kwenye tangi linalopokea maji ya chemchemi. Kila asubuhi hupanda, akatoa majani kwenye machujio, akapima kina, akatia klorini, kisha akafungua koki kubwa inayoteremsha maji kwetu sote. Njia yenyewe ni ya miguu, mawe na mizizi mitupu. Kuanzia getini hairuhusiwi injini ya mafuta ya aina yoyote, kwa sababu tone la dizeli likiingia kwenye chemchemi tutalinywa mji mzima. Alipanda hivyo kwa miguu yake miaka ishirini na miwili. Ukimuuliza kwa nini hakuwahi kuomba cheo, atakuuliza kipo cheo gani kilicho juu ya kituo chake.

Mwaka juzi, siku ya mvua kubwa, Mkuu wa kitengo alimpigia simu aende upesi akafunge bomba lililopasuka. Wifi akamwambia ukingo wa mtaro unamomonyoka, wasubiri mvua ipungue. Mkuu akasema aende tu, watu hawana maji. Akaenda. Ukingo ukaporomoka naye, nyonga ikavunjika. Alikaa miezi saba kwenye kochi langu akinikosoa ninavyofunga bomba la jikoni, na mimi fundi cherehani ninayetafuta riziki hapo hapo sebuleni sikuwa na pa kukimbilia.

Aliporudi kazini alitembea na fimbo, na mlima ule ukamchukua karibu saa mbili. Ndipo ikaja barua. Ilisema mtumishi wa kituo cha juu anatakiwa kutoka getini hadi tangini kwa dakika arobaini, akiwa na sanduku lake la vifaa, na kwamba atapimwa mwisho wa mwezi unaofuata. Akishindwa, atahamishiwa dirisha la malalamiko ya wateja. Aliyeandika barua ile hamjui wifi yangu. Wateja ndio wangehitaji dirisha la kumlalamikia.

Mume wangu aliisoma barua mara mbili, akamwambia dada yake kwamba dirishani kuna kiti na feni, na kwamba umri nao una haki yake. Basi mume wangu akaona aongeze methali. "Dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi nilivunjika kwa kumsikia," wifi akasema, akaikunja barua na kuiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Wiki hiyo hiyo aliingia nyumbani na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na baiskeli ya milimani ya umeme, nzito, chafu, iliyonunuliwa kwa kampuni ya utalii iliyofunga biashara. Mota ilikuwa katikati, pale pedali zinapozungukia, na betri imelala ndani ya fremu. Akaisimamisha kati ya cherehani yangu na televisheni. Nikamuuliza kama sasa hicho kitu kitambeba. Akasema hapana, ukiacha kukanyaga nayo inaacha. "Haibebi mtu hii. Inakusindikiza."

Kwa wiki tatu hatukuwa na sebule. Alibadilisha matairi, akaweka mapana yenye meno. Akapunguza upepo kidogo, akaenda kujaribu kwenye mawe nyuma ya nyumba, akarudi akapunguza tena, mpaka tairi likawa linalikumbatia jiwe badala ya kulirukia. Akabadilisha vitambaa vya breki. Akakaza shokomzoba za mbele, zile za kumeza mitikisiko, kwa uzito wake mwenyewe pamoja na sanduku la vifaa, na kwa sababu hiyo nililazimika kumpima kwenye mizani ya duka la jirani, jambo ambalo hatalisahau wala kunisamehe. Mafuta ya cheni yaliingia kwenye kitambaa cheupe cha mteja wangu. Nilipolalamika aliniambia nikishone kwa ndani.

Kuhusu gia tulikwenda pamoja kwa fundi baiskeli, mtu mmoja mpole anayependa mwendo. Alimtolea gia ya mbele kubwa, akamweleza kwamba kwa hiyo atapaa. Wifi akaomba ndogo kuliko zote dukani. Fundi akacheka, akasema wateja wake wote wanataka kasi.

"Mimi sina haraka," wifi akamwambia. "Mimi nina mlima."

Akaeleza kwa vidole vyake vyeusi vya grisi: gia ndogo, mguu unazunguka mwepesi, mota nayo inazunguka bila kubanwa, tairi linapanda polepole. Fundi aliifunga gia ile huku akitikisa kichwa kama anayemshonea bwana harusi kaptula.

Kazi ya mwisho aliifanya peke yake, na aliifanya kwa moyo wote. Njia ya mlimani haikauki, na wifi yangu amepigana na uvujaji maisha yake yote. Akachukua tepu nyeupe ya mabomba, akazungushia kila waya. Akapaka silikoni kwenye kila ufa wa mota na wa kile kijisanduku kinachogawa umeme. Halafu akakata tyubu kuukuu, akaivisha mota nzima mpira, akaikaza kwa vibanio vya chuma. Alipomaliza, akaiwekea bomba la maji dakika kumi. Halikuingia hata tone. Nilimsifu, na sasa najuta.

Asubuhi ya kwanza alipanda vizuri mpaka kona ya tatu, mota ikazima. Alirudi mchana akiisukuma, midomo imekauka, hataki maswali. Akasema ni betri, imezeeka. Akanunua mpya. Kona ya tatu ikazima tena. Akaipeleka baiskeli kwa fundi, naye akaiunganisha na kompyuta yake na kuiongezea nguvu mpaka mwisho wa kipimo. Safari hii haikufika hata kona ya pili.

Zilibaki siku tisa. Mume wangu alianza kutembea nyumbani kwa ule upole wa msibani, akamnunulia dada yake mto wa kukalia, wa kiti cha ofisini. Alikuwa na nia njema, lakini kuna nia njema inayostahili kofi. Wifi aliukuta mto ule kitandani kwake. Akaja nao mpaka mlangoni kwangu, akakaa kizingitini, akaupakata.

"Wifi, naogopa," akasema. Miaka kumi na tisa, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Wakiniweka pale dirishani sitatoka tena. Nitakuwa yule mama aliyevunjika."

Mimi nilishikwa na hasira. Kesho yake niliifunika cherehani yangu, nikajifunga kanga kiunoni, nikasema napanda naye. Nilitangulia kwa miguu mpaka karibu na kona ya pili, nikakaa juu ya jiwe. Akaja, anakanyaga kwa raha, mota inaunguruma kwa sauti nyembamba. Palepale mbele yangu ikazima. Nikaikamata isimwangukie upande wa nyonga, na mkono wangu ukagusa ile mota. Niliuondoa upesi. Mimi na pasi ni ndugu, nimeunguza vitambaa na vidole vya kutosha, na joto lile nalijua.

Nikamwambia inachemka, ndiyo maana inazima. Akasema mota zote zinapata joto. Nikamwambia hii imevaa koti la mvua na sweta ndani yake, na anaipandisha mlima juani. Hapo tukagombana kweli kweli, wawili peke yetu kati ya miti. Alisema hajawahi kuacha kiungo wazi katika kazi yake na hataanza uzeeni. Nikamwambia hili si bomba. Akaniambia nirudi kwenye vifungo vyangu. Nikarudi. Siku nzima hatukusemeshana, na chakula alijipakulia mwenyewe.

Alfajiri iliyofuata nilisikia kitu kinakatwa sebuleni. Nilimkuta sakafuni akiichana ile tyubu vipande vipande kwa mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao hata mume wangu haruhusiwi kukatia karatasi. Nilifungua mdomo. Akaniwahi bila kuinua macho.

"Kila tangi nililojenga nililiwekea bomba la kupumulia," akasema. "Tangi bila pumzi linajikunja. Chombo changu mwenyewe nikakiziba pua."

Huko ndiko kulikuwa kuomba radhi kwake, na hajaomba tena. Akabandua mpira wote na silikoni yote iliyokuwa kwenye ngozi ya mota, maana walioitengeneza walikuwa wameshaizuia maji siku nyingi. Kijisanduku cha umeme akakiachia tundu dogo linalotazama chini, kama lile la paa la tangi. Tepu ya waya akaiacha, hapo hakukubali kushindwa. Halafu akarudi kwa fundi baiskeli na kumwamuru ashushe nguvu mpaka katikati, isichemke tena. Fundi alisema ni dhambi. Akashusha. Mkasi wangu sasa haukati hata uzi.

Usiku wa kuamkia siku ya kupimwa mvua ilikuwa imenyesha. Mimi na mume wangu tulipanda mapema tukasimama kona ya tatu. Wifi alikuwa amepanga mambo yake. Pale getini kuna kipimo cha msukumo wa maji, saa ya kioo yenye sindano, na alimwomba Mkuu asimame hapo aitazame. Yeye akifika tangini atafungua koki kubwa, na sindano ikipanda Mkuu asome muda kwenye simu yake mwenyewe. Kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kusema alidanganya, labda ayashitaki maji.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Akatokea chini ya kona, sanduku limefungwa nyuma, uso umekunjamana kwa bidii, nyonga ile mbovu inapanda na kushuka na pedali. Kwenye mzizi mkubwa tairi la nyuma likateleza. Mume wangu akanishika mkono mpaka ukaniuma. Wifi akasogeza mwili mbele, akashusha gia moja, akakanyaga bila kusimama, na tairi likakumbatia mzizi likapanda. Mota haikuzima. Alitupita bila kututazama, na mimi nililia hadharani bila aibu yoyote.

Tulikaa pale mpaka Mkuu alipotufikia, maana ilimbidi naye apande kukagua. Alikuwa ameshikilia magoti yake na viatu vyake vya ofisini vimekuwa tope. Mume wangu akamuuliza muda. Akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kifo kwamba sindano ilipanda dakika ya thelathini na saba. Tukapanda pamoja, tukimsubiri kila baada ya mawe machache.

Tulimkuta wifi ameshamaliza machujio, ametia klorini, anafuta mikono. Mkuu akaketi kwenye ngazi ya tangi akatafuta pumzi. Alipoipata alisema, na hapo nampa haki yake, kwamba sharti la muda limetimizwa. Kisha akasema lakini. Barua ilimaanisha mtumishi, si mashine. "Na baiskeli ikiharibika, Bi Koki, itakuwaje?"

"Nitaitengeneza, naijua mpaka waya wa mwisho," wifi akasema. Hakupaza sauti. "Nyonga yangu ilipoharibika kwenye mtaro wenu, ninyi mlitengeneza nini? Mliandika barua."

Maji yalikuwa yakinguruma ndani ya bomba kuelekea mjini. Wifi akachukua daftari la kituo linaloning'inia mlangoni. Kila anayefika lazima aandike saa aliyotoka getini na saa aliyofika; ni sheria ya idara, na amri yenyewe ina sahihi ya Mkuu. Mstari wa juu ulikuwa na mwandiko wa wifi: kutoka saa mbili kamili, kufika saa mbili na dakika thelathini na nne; zile tatu za ziada zilikuwa za kuifungua koki. Akampa Mkuu kalamu.

Mkuu aliangalia simu yake, akaangalia daftari. Akaandika, na mimi nilisoma juu ya bega lake bila haya: kutoka saa mbili na dakika thelathini na nane, kufika saa nne kasoro dakika kumi. Saa nzima na dakika kumi na mbili, kijana mwenye nyonga mbili nzima na mikono mitupu. Wifi akasubiri mpaka alipotia sahihi.

"Kile kiti cha dirishani kina feni," akamwambia. "Na mto ninao nyumbani, sijaukalia hata mara moja."

Mkuu akaomba ile barua. Wifi akamwambia ipo chini ya mguu wa meza na haitoki, meza itayumba. Basi akaahidi kuandika nyingine ya kuifuta, na siku nne baadaye ikaja. Mume wangu ndiye aliyeipokea. Aliisoma kwa sauti, akaisoma tena, kisha akatoka nje akaizunguka ile baiskeli mara kadhaa na kushika breki zake. Mwishowe akamuuliza dada yake kwa unyenyekevu kama anaweza kuijaribu mpaka kona ya kwanza tu.

Wifi akamwambia aombe kwa barua.