Mkasi Ndani ya Tangi la Samaki

Fundi saa mmoja watu walimwita Dakika, kwa sababu ukimwomba kitu alikutazama kwanza dakika nzima, kimya, kama saa iliyoletwa ikiwa imesimama. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa posta, upana wa meza moja na kiti. Kila saa aliyoifungua aliikwaruza alama ndogo ndani ya kifuniko, ili ikirudi ajue kama fundi mwingine ameigusa. Miaka thelathini wateja walikuwa wakimwambia "imesimama yenyewe," na miaka thelathini hakuwaamini.

Macho yalipoanza kumsumbua, daktari alimshauri ayapumzishe jioni kwa kutazama kitu cha kijani. Mwingine angekwenda kukaa bustanini. Dakika alinunua tangi la kioo, akaliweka sebuleni, akamwaga mchanga, akatia samaki sita wadogo, kisha akapanda mimea ya majini. Nyuma aliweka ile ya majani marefu kama utepe, mbele ile fupi inayotambaa, na katikati ile ya mashina yenye vijani vidogo vidogo, ambayo ndiyo aliyoipenda kuliko yote.

"Wenzako wanang'oa magugu, wewe unayafuga!" jirani alimcheka.

Dakika aliendelea kuyafuga. Wala hakuruhusu mtu ayaguse. Mashina yalipanda mpaka juu ya maji, yakajikunja, yakatanda kama paa, naye akayaacha. Mkewe, ambaye mama yake aliuza miche ya maua kwenye makopo, alimwambia mara moja tu, "Hayo yanataka kupunguzwa. Ya chini hayapati mwanga, yataoza." Dakika akasema kinachokua hakikatwi. Mke akarudi kwenye cherehani yake, na habari ya tangi hakuitaja tena.

Kisha shemeji akahamia kwao. Alikuwa mdogo wake mke, kinyozi, mtu wa utani mwingi, na nyumba aliyopanga ilikuwa imebomolewa ili barabara ipanuliwe. Alilala kwenye kochi la sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye tangi, na mkasi wake haukutoka mfukoni mwa shati.

Wiki ya pili Dakika alirudi kutoka kazini, akainama mbele ya kioo. Mashina manne yalikuwa yamefupishwa. Akatoa lenzi yake ya kazi, akalibandika jicho kwenye kioo. Samaki hakuacha alama ile, wala konokono. Ulikuwa mkato safi, wa mara moja, wa mtu aliyezoea mkasi.

Akairudisha lenzi mfukoni. Alitega uzi mwembamba kati ya kifuniko na kioo. Kesho yake jioni akaukuta sakafuni. Tangu hapo kila neno la shemeji alilipima. Shemeji akisema, "Samaki wako wamechangamka kweli, shemeji," yeye alisikia kejeli. Shemeji akinyamaza, alisikia hatia. Akipiga mluzi bafuni, Dakika alikaa akijiuliza mtu mwenye dhamiri safi anapiga mluzi wa nini asubuhi yote ile.

Siku ya saba akavunja kimya mezani. "Humu ndani kuna mtu anakata majani yangu."

Shemeji aliacha tonge hewani. Mke hakuinua macho. "Ni mimi," akasema.

Dakika akacheka, cheko la upande mmoja wa mdomo. "Wewe? Tangi hilo hujalitupia jicho mwaka mzima. Unamkingia kifua ndugu yako."

"Nimesema ni mimi."

"Dada, basi," shemeji akasema polepole.

Neno hilo "basi" Dakika alilisikia kama mtu anakiri. "Mwenye kazi ya mkasi humu ni nani?"

"Humu mikasi ni mingi," mke akamjibu, "na mmoja ni wangu."

Lakini Dakika alikwisha kuziba masikio. Shemeji alinawa mikono, na asubuhi akakunja shuka lake pembe kwa pembe, akaaga, akaondoka. Siku tatu mke alimsemesha mumewe maneno ya lazima tu.

Siku ya nne mashina mengine matatu yakakatwa. "Ana ufunguo," Dakika akajiambia, akabadilisha kitasa. Yakakatwa tena. Hapo ndipo alipofunga kibanda saa sita mchana, jambo asilolifanya ila kwa msiba, akapita uani, akachungulia dirishani.

Mkewe alikuwa amekunja mkono wa gauni mpaka begani, mkono wote majini. Alishika shina, akalikata juu kidogo ya kifundo cha jani, kisha kile kipande cha juu akakichomeka mchangani kwa kibano, kibano cha Dakika mwenyewe alichodhani kimepotea. Majani yaliyoelea aliyaopoa kwa chujio la chai. Samaki hawakumkimbia. Na pale chini, palipokuwa na weusi wa kuoza, sasa palichipua vijani vya kijani kibichi, vimejaa viputo vidogo vya hewa.

Dakika alisimama pale kama mwizi, uani kwake mwenyewe.

"Ingia tu," mke akasema bila kugeuka. "Kivuli chako nakijua."

Akaingia. "Kwa nini ulinificha?"

"Nilikuficha nini? Nilikwambia mezani, mbele ya shahidi." Akajifuta mkono kwa kanga. "Nenda kwa kinyozi. Ndevu zimekujaa."

Akaenda. Shemeji alimkalisha kitini, akamfunga kitambaa shingoni, akampaka povu bila salamu ndefu. Wembe ulipogusa koo, Dakika alihisi ile shaka yake ya siku zote ikimpanda mgongoni. Aliongea na kioo cha ukutani, maana uso wa mwenzake hakuweza kuutazama.

"Alikuwa dada yako kweli."

"Usitikise koo."

"Ulijua?"

"Nilimwona siku ya kwanza. Akaniomba ninyamaze. Alitaka uyaone yamechipua, ufurahi."

"Sasa mbona hukujitetea?"

Shemeji akafuta wembe. "Mkeo mwenyewe alisema ukakataa kumwamini. Mimi ungeniamini?"

Dakika aliinamisha macho kwenye kitambaa. "Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Ila kwako silali tena."

Na kweli hakulala tena. Jumapili huja, huuliza hali, hunywa chai. Dakika humsihi afungue kifuniko awape samaki chakula. "Wape wewe," husema kwa upole, na muda wote anaokaa mbele ya tangi, mikono yake miwili huwa magotini, mahali inapoonekana.