Asubuhi Niliyoambiwa Nisitembee

Goti langu linasagika, na kila mwaka daktari hupima kwa MRI gegedu lililobaki kati ya mifupa. Aliniagiza nisitembee asubuhi ya kipimo, maana gegedu likibonyezwa huonekana jembamba.

Nilitoka Kibaha siku moja kabla, nikalala kwa dada Mwanaidi, Kisarawe, tulikokulia. Kulipokucha nikashindwa kujizuia, nikapanda kilima kuitazama shule yangu ya zamani. Hospitalini, alikonisindikiza dada, nikaapa kuwa sijatembea.

Daktari alitazama picha, akasikitika. "Limepungua sana, kaka. Itabidi tufikirie upasuaji."

Najuta kwamba hata hapo nilinyamaza. Dada ndiye aliyeguna.

"Upasuaji wa nini, daktari? Huyu tangu alfajiri kapanda mlima na kushuka, ati anatafuta dawati lake la kidato cha pili!"

Daktari akavitazama viatu vyangu, vyekundu kwa vumbi.