Kibuyu cha Mama kwenye Mteremko wa Mbeere

Baiskeli yangu niliinunua nikiwa na miaka arobaini na minne, na sijawahi kuiombea msamaha kwa mtu yeyote. Ni ya mtumba, ya kupanda milima, tairi pana zenye meno, gia nyingi kuliko ninazozijua, na rangi ya chungwa inayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mume wangu alisema tu, "Sawa, lakini usinipakie." Wanafunzi wangu wa kemia hapa Embu walinipa jina la utani wanalodhani silijui. Aliyekasirika kikweli ni mama.

Mama anakaa juu kule Kanja, kwenye kahawa na ng'ombe wake wawili, na kwake yeye baiskeli ni chombo cha mtu anayepeleka maziwa. Mwanamke mzima, mwalimu, mama wa watoto watatu, avae suruali ya kubana na kofia ngumu, ateremke vijia vya mashamba Jumamosi nzima bila kupeleka chochote popote? Aliniuliza mara ya kwanza, "Unaenda wapi?" Nikamwambia siendi mahali, naendesha tu. "Ala! Kwa hiyo unachoka bure." Tangu hapo nikifika kwake na baiskeli alikuwa ananiambia niifiche nyuma ya zizi, majirani wasiione.

Sikubishana naye. Utamwelezaje mtu raha ya kijia cha udongo mwekundu asubuhi, umande bado uko kwenye migomba, breki umeziachilia na upepo unakuingia mpaka kwenye meno? Ninapoteremka, mimi si mwalimu, si mke, si mtu wa kamati ya nidhamu. Napiga kelele. Kweli, napiga kelele peke yangu kama wazimu, na mbuzi wananikimbia. Mwenzangu ni msusi mwenye duka lake dogo mjini, mwanamke wa maneno mengi na miguu ya chuma. Tulikutana kwa fundi wa baiskeli, kila mmoja akidhani ni yeye tu mwanamke mwenye akili mbaya Embu nzima. Tumeendesha pamoja karibu kila Jumamosi tangu hapo, na bado ananiita "mwalimu" hata tukiwa tumelala chali kwenye nyasi tukitafuta pumzi.

Sasa, mdogo wangu alijifungua.

Huyu mdogo wangu ameolewa chini Mbeere, upande wa Siakago, na ndiye mcheshi wa nyumba yetu. Akianza kucheka kanisani benchi zima linaharibika. Lakini mtoto alikuja kwa shida. Walimpasua, alipoteza damu, na aliporudi nyumbani alirudi mtu mwingine. Nilikuwa nikimpigia simu, ananijibu "niko sawa" kwa sauti ndogo kama ya mgeni. Mama mkwe wake alituambia ukweli: hali chakula, maziwa hayatoki vizuri, anaangalia ukuta. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita bila mtu yeyote kumsikia akicheka. Mimi naogopa vitu vichache, lakini hilo liliniogopesha.

Kwetu, mwanamke akijifungua, uji hutoka kwao. Ucuru, uji wa mawele uliochachishwa, mzito, mkali kidogo kwa uchachu, unaopikwa na mama yake na kubebwa na mwanamke wa nyumba hiyo hiyo. Hautumwi kwa boda boda kama mzigo wa viazi. Na kwetu hubebwa ndani ya kibuyu kimoja, kile ambacho bibi alimpa mama, cheusi kwa moshi na mafuta ya mikono. Uji wangu nikijifungua watoto wote watatu ulikuja ndani yake, mama akitembea nao mgongoni. Lakini mwaka huu goti la mama limekataa kabisa. Hata kufika kwa jirani ni kazi. Aliketi jikoni akitazama kile kibuyu, na nikaona amekaribia kulia.

"Nitaupeleka mimi," nikamwambia. "Jumamosi. Na baiskeli."

Nilitegemea matusi. Badala yake alikoroga chungu, akasema, "Mtoto wangu akikosa huu uji, nisikuone hapa na hicho chuma chako tena. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Na alikuwa hatanii.

Jumamosi alfajiri mimi na msusi tulikuwa kwake. Mama alijaza kibuyu, akakiziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa jani la mgomba, akalisukuma kidogo tu kwa kidole gumba. Kisha akanibebesha mgongoni kwa leso, akaifunga kifuani kwa fundo kama anavyofungwa mtoto mchanga. "Hapa kwenye mdomo usikaze," akasema. "Uache upumue." Mimi niko mbioni kuondoka, nasema ndiyo mama, ndiyo mama. Msusi anacheka tu kuniona na leso ya maua juu ya nguo za baiskeli.

Aki, ile asubuhi! Tuliteremka katikati ya kahawa, tukapita kwenye miti ya makadamia, watoto wa kila boma wakitokea uani na kupiga kelele "Kanyaga! Kanyaga!" Mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe aliuliza kama pikipiki yetu imeisha mafuta. Msusi akamjibu mafuta tuliyanywa kwa chai. Tulivuka mto kwenye daraja la mbao mbili, baiskeli mabegani, kibuyu mgongoni, nikiimba.

Ndipo nilipohisi kitu cha baridi kikinitambaa uti wa mgongo. Uji. Kila nikiruka jiwe, gunzi linacheza na uji unamwagika. Nikafikiri: kwa mwendo huu nitafika na kibuyu kitupu. Basi nikasimama, nikatoa nailoni kwenye mfuko, nikafunika gunzi nayo, kisha nikachukua blada, ule mpira wa tyubu kuukuu ambao watu wa boda boda hufungia mizigo, nikauzungusha shingoni mwa kibuyu mara tano, nikavuta mpaka vidole vikauma. Hakuna tone lingetoka pale. Nilijisifu hata. Nilimwambia msusi, "Hivi ndivyo msomi anavyofanya."

Tukavuka lami ya kwenda Meru, tukaanza mteremko wenyewe, ule wa kuingia Mbeere. Anayeijua njia ile anajua kwamba unaacha sweta juu na ukifika chini unataka kuvua hata ngozi. Jua lilikuwa limeshika. Mawe, makorongo, mchanga, kisha mawe tena. Tuliruka kila kitu. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile, na sijawahi kufurahi kama siku ile, na Mungu anisamehe, kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa nilichobeba.

"Mwalimu! Una pancha!" msusi akaita kutoka nyuma.

Nikasikia kweli. Sssss. Tukasimama chini ya mti wa miiba. Nikabonyeza tairi la mbele, liko imara. La nyuma, imara. Msusi akabonyeza yake. Imara. Tukazungusha magurudumu, tukaweka masikio karibu kama daktari na mgonjwa. Kimya. Tukipanda tena, sssss. Nikaanza kukasirika, na nikikasirika huwa sifikiri. Nikapeleka mkono nyuma, nikagusa shingo ya kibuyu, nikakuta unyevu. "Ah, ni huu uji tu unatafuta kutoka," nikasema. Na nikaongeza blada nyingine. Mizunguko minne juu ya ile mitano.

Miaka ishirini nimesimama mbele ya darasa nikieleza uchachukaji. Kitu kikichacha hutoa gesi. Joto likipanda, gesi inazidi. Ukitikisa chombo inazidi zaidi. Na gesi isipopata pa kutokea, je, wanafunzi? Wanajibu kwa pamoja. Hata yule wa nyuma anayelala hujibu.

Tulifika kwenye soko dogo, vibanda kama vitano hivi, tukasimama kununua maji. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndengu akainuka kwenye kigoda chake, mikono kiunoni. "Wewe mama! Huna haya? Mtoto mchanga unamrusharusha na baiskeli jua lote hili? Hata kichwa umemfunga na nailoni! Mtoto atapumua na nini?"

Nikageuka kumweleza kwamba si mtoto.

Paaa!

Niliona gunzi likipita juu ya kibanda cha mpesa. Uji ulinipiga kisogoni, ukaingia ndani ya kofia, masikioni, shingoni, ukateremka mpaka kwenye soksi. Yule mama wa ndengu alipiga nduru ya kufa mtu na kuanguka kwenye gunia lake. Mbwa walikimbia. Msusi alikuwa ameketi chini, hawezi kusema, machozi yanamtoka, anapiga ardhi kwa kiganja.

Mimi sikucheka. Nilifungua lile fundo. Nilijua kibuyu kimepasuka, kibuyu cha bibi, na uji wa mdogo wangu umeishia mchangani kwa sababu ya ujuaji wangu. Nilimwona mdogo wangu akitazama ukuta. Nikakiteremsha, nikakizungusha polepole, nikapapasa kila upande. Hakikuwa na ufa. Gunzi lilikuwa limeachia kabla ya kibuyu. Nikachungulia ndani. Nusu. Ilikuwa imebaki nusu, inatoa povu na kunung'unika. Hapo ndipo nililia, mtu mzima, katikati ya soko, uji ukinidondoka puani.

Yule mama wa ndengu alipoelewa mambo alikuja akanipangusa uso kwa leso yake mwenyewe. Akachuma jani la muhogo, akalikunja, akaziba nalo kibuyu, akilisukuma kwa kidole kimoja tu. "Hivi," akasema. "Hukufundishwa?"

Nilikuwa nimepanga kunawa kabla ya kuonekana. Lakini mdogo wangu alisikia baiskeli uani, akatoka mlangoni taratibu, mkono mmoja kwenye ukuta. Alikuwa amekonda. Alinitazama kuanzia kofia mpaka soksi. Uji ulikuwa umekauka na jua, kwa hiyo nilikuwa na ukoko. Nzi walikuwa wamenifuata tangu sokoni. Akauliza kwa ile sauti ndogo, "Ni nini kimekupata?"

Msusi akajibu kabla yangu. "Dadako alifunga uji wa kuchacha na blada. Mara tisa. Ukalipuka."

Mdogo wangu akanitazama tena. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja.

"Lakini," akasema, "si wewe ni mwalimu wa kemia?"

Na akaanza. Kwanza bila sauti, mabega tu. Kisha ikatoka, ile yenyewe, ile ya kuharibu benchi la kanisa. "Woi! Nyuzi! Woi, mnanifungua nyuzi!" Alishika tumbo kwa mikono miwili akateleza kwenye ukuta mpaka akaketi kizingitini, anacheka na kulia, na mama mkwe wake akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Alipoona ni nini, alisimama pale pale, akafunika mdomo kwa mkono. Mimi nami nikaangua kicheko. Nilikuwa nimebana muda mrefu.

Alikunywa vikombe viwili, pale pale kizingitini, mtoto mapajani. Akaniuliza kama kuna kingine. Mchana ule mtoto alinyonya mpaka akasinzia na maziwa mdomoni, na sisi watu wazima wanne tukamtazama kama televisheni.

Tulilala huko. Kesho yake tulipanda kurudi, nusu tukiendesha, nusu tukisukuma. Kibuyu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo mama mkwe alikijaza ndengu, na njia nzima zilikuwa zikicheza mgongoni mwangu, chaka chaka, chaka chaka, kila jiwe.

Mama alikuwa ameketi nje akiningoja. Nilimweleza yote, sikuficha hata mizunguko ya blada. Alichukua kibuyu, akakigeuza, akapitisha kidole shingoni, akanusa. Uso wake sikuuelewa.

"Alikunywa?"

"Vikombe viwili. Akaomba cha tatu."

"Alicheka?"

"Mama, alicheka mpaka akashika nyuzi."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akainuka, akaegemea fimbo yake, akaenda mpaka pale baiskeli ilipokuwa, nyuma ya zizi, mahali pake pa kufichwa. Nikasikia ikiburutwa. Aliileta mwenyewe mbele ya nyumba, na goti lake bovu hivyo hivyo, akaiegemeza kwenye ukuta unaotazama barabara. Akatoa pembe ya leso, akafuta ukoko wa uji kwenye kiti.

"Jumamosi uje mapema," akasema. "Nitapika mwingi zaidi."