Saa Zao ni Sawa na Zetu

Mjomba alinipigia simu nikiwa stendi ya Msamvu, nikisubiri mzigo wa duka ninalofanyia kazi ushushwe kwenye basi. "Njoo Jumapili baada ya misa," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma. Utueleze nchi aliyoko dada yako."

Nilijua anachotaka. Dada yangu alikwenda Bahrain kufanya kazi za ndani, na tangu tulipovuna maharage simu yake haipatikani. Wakala aliyempeleka naye hapokei. Mama alimlimia shamba lake mpaka goti likamkatalia. Sasa matuta yalikuwa yameota magugu na masika yalikuwa karibu. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamke akifariki, kipande chake hupewa mwingine wa ukoo. Aliye hai hutunziwa. Kwa hiyo kikao kile, hata kama mjomba angekiita jina gani, kilikuwa cha kuamua kama dada yangu yu hai.

Nilipofika, wanaume walikuwa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa jiko. Jambo hili hunikera. Ardhi inapita kwa wanawake, lakini anayeigawa ni kaka yao. Niliwahi kumuuliza mjomba sababu, akasema siku nitakayokalia kiti chake nitaijua. Hilo nalo si jibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi. Haya, tufundishe."

Nikaanza kama niko mbele ya darasa. Ni nchi ya visiwa, katika Ghuba, upande wa Uarabuni. Karibu yote ni jangwa tambarare, na kilima chake kirefu kuliko vyote huku kwetu kisingepewa hata jina. Mto hakuna.

"Hakuna mto?" Mama mdogo alishika shavu. "Wanakunywa nini?"

"Wanachuja chumvi kwenye maji ya bahari."

"Masikini mtoto wa watu."

"Anatawala nani?" mjomba akauliza.

"Mfalme. Lipo na bunge, lina mabaraza mawili. Moja wanachagua wananchi, la pili anateua mwenyewe."

"Wakibishana naye?"

"Neno zito ni lake."

"Kumbe ni hapa hapa kwetu!" mama mdogo akasema, na wanawake wakacheka mpaka mjomba akakohoa.

"Ukubwa wake je?"

"Ndogo sana. Mkoa wetu unaimeza mara nyingi. Ukiondoka asubuhi kwa gari, kabla ya chakula cha mchana umeimaliza."

Mjomba akamgeukia mama, akateremsha sauti. "Dada, umesikia. Huku mtu akivunjika mguu ng'ambo ya bonde, jua halijazama tumeshajua ni mguu upi. Katika nchi ndogo namna hiyo mtu anapoteaje, kama yu hai?"

Sikuwa nimeona maelezo yangu yanakopelekwa. "Si kama huku, mjomba," nikasema haraka. "Zaidi ya nusu ya wakazi wa kule ni wageni waliofuata kazi. Hawajuani. Mtu anaweza kuishi nyumba ya pili na jirani asijue kama yupo."

"Mmesikia?" mama akadakia. "Hajafa. Wamemfungia ndani tu."

Hilo ndilo tumaini nililompandishia mlimani.

"Na simu?" mjomba akauliza.

"Nampigia jioni nikishatua kuni. Kule usiku umeshaingia, amelala." Maneno haya mama alikuwa ameyasema tangu mwanzo, kwa kila aliyemuuliza, na sote tulimwachia.

Mjomba alinitazama. "Msomi. Jioni yetu ni usiku wao?"

Chuoni nilijisifu kwamba sitamezeshwa uongo na mtu, wala sitammezesha mtu. Pale nilitamani kuwa na mmoja, hata mdogo.

"Saa zao ni sawa na zetu."

"Sawa kabisa?" mama akauliza.

"Sawa kabisa, mama."

Alikaza khanga yake kiunoni, akasimama kwa kushika ukuta. "Shamba toeni," alisema. "Matanga sitaki. Atakayelia nyumbani kwangu nitamtoa kwa mpini wa jembe."

Shamba alipewa binti wa mama mdogo. Amelima vizuri, kabichi zimefunga. Nilipopanda mlimani mara ya mwisho nilikuwa nyuma ya mama tukielekea kisimani. Njia inakata katikati ya matuta yale, na miaka yote alipita bila kupunguza mwendo. Safari hii alisimama pembeni, akaita hodi.

"Mama mkubwa, jamani, pita," yule binti akasema akiwa ameinamisha uso. "Hapa si kwenu?"

Mama hakupita mpaka alipokaribishwa mara ya pili.

Siku hizi hangoji jioni. Anapiga asubuhi kabla ya kuwasha moto, anapiga mchana, anasikiliza yule mwanamke wa mtandao mpaka amalize kusema kwamba simu haipatikani, ndipo anakata.