Neno Alilolisema Dokata Kikosi Kikisikia

Saa kumi na mbili asubuhi mjini Isiolo, Dokata Halakhe anafungua dumu la maziwa ya ngamia lililofika kutoka kijiji cha Biliqo. Ananusa, anaonja tone moja, kisha anayachuja kwa kitambaa cheupe. Dumu linalofuata analirudisha kwa mwenyewe. Maziwa yake yameanza kuchacha. Basi la Nairobi linaondoka saa mbili, na lita tisini ni lazima ziwe ndani.

Simu yake ameiacha nyumbani chini ya mto. Tangu Machi haji nayo kazini.

"Nikiiona tu, aibu inanishika," anasema. "Wateja wananipata kwa simu ya Rita."

Rita ni mwenzake wa biashara. Dokata ana miaka 42 na amewalea peke yake mabinti wawili, Kaltuma wa miaka 17 na Habibo wa 14, tangu mumewe alipofariki mwaka 2016. Mwezi mzuri humwachia shilingi elfu kumi na nane. Ukame ukibana, hata nusu yake haifiki.

Miaka miwili iliyopita, jioni za nyumba hiyo zilikuwa kimya. Mabinti waliinamia simu, wakicheza mchezo wa vita mtandaoni na vijana wa Isiolo, Garbatulla na Marsabit waliojiita Kikosi cha Waso. Dokata alichoka kuzungumza na visogo. Akaomba afundishwe.

Siku ya kwanza aliponza kila mtu. Kwao Waborana, huanzi shughuli na mgeni kabla ya kumjulia hali. Akauliza amani ya nyumbani, akauliza mifugo. Alipofikia mvua, wenzake wote walikuwa wameshauawa.

"Mama, huku watu hawaulizani ng'ombe, wanapigana risasi," Habibo alimwambia.

Vijana walimpenda. Wakampa jina la Mama Nagaa, nagaa ikiwa amani kwa Kiborana. Kaltuma naye akaanza kumwambia mambo ambayo nyumbani hakuyagusa. Siku moja, wakicheza wawili tu, alimweleza kwamba kifafa chake kilichokuwa kimetulia kimerudi, na kwamba hataki rafiki yeyote ajue.

Jumamosi moja ya Machi, basi lilichelewa. Dokata akacheza na kikosi akilisubiri. Madumu mengine yalipoletwa, alitia simu mfukoni bila kuizima, akaendelea kuchuja. Rita akamuuliza hali ya watoto.

"Dawa nitapata," Dokata alijibu. "Lakini msichana wa kuanguka, nani atamuoa?"

Sauti ya Lokol, kijana wa Ngaremara, ikatoka mfukoni, taratibu na kwa heshima. "Mama Nagaa, maiki yako iko wazi."

Vijana kumi na tisa walikuwa wakisikiliza. Mmoja wao alikuwa Kaltuma.

Hakuna aliyecheka. Dokata anasema ingekuwa nafuu kama wangecheka. Rita humtetea kila siku, kwamba ulimi umeteleza na kosa ni la simu. Dokata hakubali.

"Simu haikukosea. Ilitoa kilichokuwa moyoni mwangu."

Kaltuma alijitoa kwenye kikosi siku hiyo hiyo. Kwa miezi mitatu alimjibu mamake yale ya lazima tu: maji, chumvi, karo. Dokata alipomuuliza afanye nini, jibu lilikuwa fupi.

"Ulisema wakisikia. Omba msamaha wakisikia."

Shemeji zake walimkanya, wakisema mzazi hajidhalilishi mbele ya watoto. Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, aliitoa simu chini ya mto, akaingia mchezoni na kuzungumza na vijana thelathini na mmoja wa kikosi. Aliwaambia kwamba aliitoa siri ya binti yake, na kwamba kasoro aliyoitaja haikuwa ya mtoto bali yake mwenyewe. Kaltuma alikuwa hatua tatu kutoka kwake, akipiga pasi sare ya shule. Hakuinua kichwa.

Jumatatu jioni binti huyo alizungumza bila kuulizwa. Alisema wiki ijayo ana siku ya kliniki na mamake anaweza kuja, ila daktari ataongea na yeye Kaltuma, si na mama.

Dokata ameshamwomba Rita ampokelee maziwa siku hiyo. Kikosini, alikoacha kucheza tangu Machi, haombi kurudi.

"Daktari akiniuliza mimi, nitanyamaza nimwangalie Kaltuma," anasema. "Akitaka niseme, ataniambia."