Gari Lililoshonwa Bila Kupima Mvaaji

Kaka yangu ni fundi cherehani, na suruali yake mwenyewe imeshikizwa kwa pini. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alizidi. Wifi yangu alisubiri gauni mpaka akaenda kujinunulia dukani, huku mshonaji wetu kalala uani chini ya gari la marehemu baba.

Gari lenyewe ni la zamani, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na tangu baba afariki lilikuwa banda la kuku. Sakafu imeoza, injini imekufa, viti vimeliwa na panya. Mimi nilitaka liuzwe chuma chakavu na nilisema wazi. Mama akakataa. Dada yake, mama mkubwa wetu, anaumwa huko juu mlimani, na teksi zote hugeuzia chini kwenye mawe. Mama naye magoti yamemgomea. Wanaongea kwa simu, tena kwa kelele, majirani wote wanajua siri zetu.

"Nipeleke nikamwone akiwa hai," alimwambia kaka. "Kwenye jeneza hatanijibu."

Basi kaka akaingia kazini kishonaji. Kila bati alilichorea kwanza patroni ya karatasi, kama kola, ndipo akamkabidhi fundi wa kuchomea. Viti alivishona mwenyewe, mshono maradufu. Makanika aliyefufua injini alimcheka kwa kupaka chaki kwenye chasisi, uti wa mgongo wa gari, lakini milango ilifunga bila kelele. Hapo sifa zikampanda kichwani. Akang'oa springi za baba, akafunga ndefu. Akaongeza matairi makubwa, sijui ya trekta. Gari likapaa.

"Mawe ya mlimani tutayapita tukiyachungulia," akasema, kifua mbele. Mtaa mzima ukaja kutazama.

Siku ya safari mama akatoka na viatu vya kutokea. Akanyanyua mguu, haukufika hata nusu ya tairi. Tukaleta stuli. Mimi nikasukuma nyuma, wifi akavuta mbele, mama akakwama, tumbo kitini na miguu nje.

"Nishusheni," akasema. "Mimi si gunia."

Akarudi chumbani, akafunga mlango. Nikamgeukia kaka. "Wewe mtu, kazi yako ni kupima watu. Hili ulimshonea nani?" Akawa kama kamwagiwa maji.

Mchana mama mkubwa akapiga simu, mbona hamjafika. Tulimsikia mama kupitia dirishani: "Tairi limepasuka, dada. Mwanangu anahangaika nalo, maskini." Kaka alikuwa amesimama palepale uani. Aliinamisha kichwa, na mimi nikaenda kumletea tepu yake.

Akaingia chumbani na tepu shingoni, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nyanyua mguu. Usijilazimishe."

Akapima kutoka sakafuni hadi unyayoni. Kilikuwa kimo kidogo mno. Akapima tena, taratibu, kisha akaenda kufumua kazi yake yote. Springi za baba zikarudi, matairi ya kujionyesha yakaenda kwa makanika, na chini ya kila mlango ikachomelewa ngazi iliyokaribia kugusa ardhi. Gari likawa fupi, halina madaha tena. Mtaa haukuja kutazama.

Mlimani tumbo la gari lilisaga mawe njia nzima. Kila likisaga, kaka anauma meno.

"Endesha," mama akamwambia. "Chuma hakilii."

Tulipofika, mama alishuka mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Mama mkubwa alikuwa mlangoni, kashikilia fremu.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe ulianza zamani," mama akajibu. Wakakumbatiana, wakalia kwa sauti bila aibu.

Nikamtafuta kaka. Miguu yake ilikuwa imetokeza chini ya gari. Nikainama.

"Unafanya nini huko?"

"Naangalia kama springi zimeumia," akasema.

Alikuwa amefumba macho, kope zimelowa.